SI UVIMBE, WALA SI CHANGO

Katika visiwa vyetu hivi, mwanamke aliyeolewa akitimiza mwaka bila ya kushika mimba, maswali huanza. Mara ya kwanza huulizwa kwa maskhara na mawifi. Mara ya pili huulizwa kwa macho. Na mwisho haulizwi tena, bali hunong'onwa. Atatafutiwa mizizi ya chango achemshe anywe. Atafukizwa ubani na kusomewa, kwa dhana kwamba ana jini mahaba asiyependa kuona mtoto ndani ya nyumba. Na hayo yote yakishindikana, mume huongeza mke, au humwandikia talaka yake. Aghalabu mambo yote hayo hutendeka kabla ya kutokea mtu mmoja, awe mzee wa nyumbani au mtumishi wa afya, akamwuliza swali jepesi kabisa: "Hedhi yako huja kila baada ya siku ngapi?"

Tumelianza jambo hili kwa swali hilo makusudi, kwa sababu ndilo ufunguo wa maradhi tunayokusudia kuyazungumza leo. Madaktari huyaita sindromu ya ovari zenye vivimbe vingi, na katika vyeti vyao huandika herufi nne tu, PCOS. Si maradhi ya nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi wanawake 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanayo, na kwamba hadi 70 katika kila 100 ya hao hawajagunduliwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Unguja na Pemba. Afisa anayepanga bajeti ya afya anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe; hata akiipunguza kwa nusu, ataona kwamba wanawake hawa hawaenei katika wodi moja.

Tumchukulie, kwa mfano tu, mwanamke wa miaka 24, mkaazi wa kijiji kimoja cha Pemba. Alivunja ungo akiwa na miaka 13. Tangu yuko skuli hedhi yake ilikuwa ikija baada ya miezi miwili, pengine mitatu, na bibi yake akamwambia kuwa damu yake ni nzito, akiolewa itajirekebisha. Ana nywele ngumu kidevuni, ambazo huzitoa kwa uzi alfajiri kabla mumewe hajaamka. Shingo yake imekuwa nyeusi na laini mfano wa kitambaa cha mahameli. Mama mkwe alimwambia kuwa ni nongo, naye akaisugua kwa dodoki mpaka ikachubuka, na weusi haukutoka. Ameolewa miaka mitatu, hajashika mimba. Siku moja anachanga nauli, anapanda boti kwenda Unguja, anapigwa picha ya altrasaundi, na anayempiga picha anamwambia kwa haraka, huku akimwita mwingine: "Mayai yako yana uvimbe." Anarudi kwao na karatasi mkobani na hofu moyoni. Ataamini ama kwamba atapasuliwa, ama kwamba ana saratani, ama kwamba hatazaa daima. Dhana zote tatu si kweli, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Hapa ndipo jina la maradhi linapotudanganya. Vile vinavyoonekana katika picha si uvimbe kwa maana tuijuayo. Ni vijifuko vya mayai, vyenye upana wa milimita 2 hadi 9, na kila mwanamke mzima wa umri wa kuzaa anavyo. Kwa kawaida, kila mwezi vijifuko kadhaa huanza kukua. Kimoja huwatangulia wenziwe, kikapasuka na kuliachia yai, na vilivyobaki hunyauka. Kwa mwenye maradhi haya hakuna kinachotangulia. Vyote husimama njiani, mithili ya madau yaliyokosa upepo, vikajipanga pembezoni mwa ovari. Yai halitoki, na kwa hivyo hedhi haiji kwa wakati wake. Hapana cha kukatwa hapo, na vijifuko hivyo havigeuki kuwa saratani.

Waliotuachia kosa hili la jina hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1935, madaktari wawili wa mji wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokosa hedhi na waliokuwa na ovari kubwa zilizojaa vijifuko. Waliwapasua na kuondoa kipande cha kila ovari; hedhi ikarejea kwa wote saba, na wawili wakashika mimba. Kwa miaka mingi watu wakaamini kwamba shina la maradhi ni ovari yenyewe, na dawa yake ni kisu. Vidonge vya kuamsha mayai vilipopatikana katika miaka ya 1960, upasuaji ule ukaachwa polepole, lakini jina likabaki.

Leo tunajua kwamba ovari ni mahali maradhi yanapojionyesha tu. Chanzo chake kimeenea mwilini, na sehemu yake hurithiwa. Ndiyo maana huonekana kwa dada wawili, au kwa mama na binti. Katika wanawake wengi wenye maradhi haya, mwili huwa mzito kuitikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari katika nyama za mwili. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na insulini ikizidi huzisukuma ovari kutengeneza kwa wingi homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Homoni hizo ndizo zinazoleta nywele za kidevuni, chunusi zisizokwisha ukubwani, na wakati mwingine kunyonyoka nywele za utosini. Na ule weusi wa shingo ni insulini hiyo hiyo iliyozidi, ikijiandika juu ya ngozi. Dodoki haliwezi kitu.

Je, daktari huyatambua vipi? Mwaka 2003 mabingwa walikutana Rotterdam, nchini Uholanzi, wakakubaliana juu ya kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii. Zipo alama tatu. Ya kwanza ni hedhi isiyokuwa na mpango: inayochelewa kupita siku 35, inayokuja kabla ya siku 21, au isiyofika mara 8 kwa mwaka. Ya pili ni kuzidi kwa homoni za kiume, ama kwa kuonekana kwa macho, ama kwa kipimo cha damu. Ya tatu ni ovari zenye vijifuko vingi katika altrasaundi. Mwanamke mzima akiwa na mbili kati ya tatu, na maradhi mengine yanayofanana na haya yakaondolewa shakani, basi anayo.

Msomaji na airudie sentensi hiyo, kisha amfikirie yule mwanamke wetu wa Pemba. Hedhi yake huja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hiyo ni alama moja. Kidevu chake kina nywele. Hiyo ni ya pili. Mkunga wa kituo cha afya cha kijijini kwao, akiwa na karatasi na kalamu, angaliweza kuiona njia ya maradhi haya kabla mgonjwa hajakata tikiti ya boti. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023, chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema wazi kwamba mwenye alama hizo mbili hahitaji altrasaundi ili maradhi yathibitishwe. Picha huhitajika pale ambapo alama ni moja tu. Na hapo pia, kwa mtu mzima, kipo kipimo cha damu cha homoni inayotolewa na vijifuko vyenyewe kinachoweza kushika mahali pa picha.

Lakini sisi tumeligeuza jambo. Tumeifanya picha kuwa ya kwanza na mazungumzo kuwa ya mwisho, na mara nyingine mazungumzo hayapo kabisa. Wanawake wengi wasio na maradhi haya, hasa wasichana, huonekana na vijifuko vingi katika picha. Wakaambiwa wana uvimbe, wakaandikiwa dawa wasizozihitaji. Na wenye maradhi, ikiwa picha yao ni safi, huambiwa ni wazima.

Yale maradhi mengine yanayopaswa kuondolewa shakani si mengi, lakini hayafai kurukwa. La kwanza kabisa ni mimba; kipimo chake ni cha mkojo na bei yake ni ndogo, na inashangaza mara ngapi husahauliwa. Kisha hupimwa tezi ya koo, ambayo ikilegea huvuruga hedhi, na homoni ya maziwa, prolaktini, ambayo ikizidi hufanya hivyo hivyo. Kipo pia kipimo cha damu cha asubuhi kinachotafuta kasoro ya kuzaliwa nayo katika tezi zilizo juu ya figo. Na mwanamke ambaye nywele zimemwota ghafla kwa miezi michache tu, sauti ikawa nzito na misuli ikavimba, huyo asiambiwe arudi mwezi ujao. Apelekwe hospitali kubwa mara moja, kwani huenda ana uvimbe wa kweli unaotoa homoni za kiume.

Kwa wasichana wa skuli hadhari iwe kubwa zaidi. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba si maradhi. Hata kufikia mwaka wa tatu, mzunguko wa siku 45 haujatoka katika kawaida. Kwa hivyo msichana hahukumiwi mpaka awe na alama zote mbili za mwanzo, hedhi iliyoharibika na homoni za kiume zilizozidi, na altrasaundi haitumiki kuthibitisha maradhi haya mpaka ipite miaka 8 tangu kuvunja ungo. Wazazi wengi huogopa kumpeleka binti kwa kuchelea kipimo cha ndani. Waondoe hofu. Kwa binti ambaye hajaolewa picha, ikihitajika, hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa maji.

Kuyajua maradhi ni nusu ya kazi. Mwanamke akishathibitishwa, daktari makini hupima shinikizo la damu, uzito na kiuno, hupima mafuta katika damu, na hupima sukari. Kipimo kizuri zaidi cha sukari ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili, maana sukari ya asubuhi peke yake huweza kuficha kisukari kinachonyemelea. Kipimo hiki hurudiwa baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Jambo jingine linalopaswa kuulizwa ni hali ya moyo wake. Huzuni na wasiwasi huwapata wanawake hawa zaidi kuliko wenzao, na hilo halihitaji mtaalamu kulieleza kwa mtu aliyewahi kukaa katika ukumbi wa harusi akasikia mwanamke akiitwa tasa.

Ipo hatari moja ambayo wengi hawaijui, nayo inatuhusu hata kwa asiyetaka mtoto. Hedhi isipokuja, utando wa ndani ya tumbo la uzazi huendelea kunenepa bila ya kuchujwa, na ukiachwa hivyo kwa miaka huweza kuzaa saratani. Ndiyo maana haifai kumwacha mwanamke asiye na mimba akae miezi zaidi ya mitatu, mwaka baada ya mwaka, bila ya kuona damu. Tiba yake si ghali: vidonge vya projesteroni kwa siku kadhaa, kila baada ya miezi michache, ili utando uteremke, au vidonge vyenye homoni mbili, vinavyonywewa kila siku.

Vidonge hivyo vya pili ndivyo vile vile vya uzazi wa mpango, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mama humkuta navyo binti yake mkobani, na nyumba nzima huwaka moto. Twawaomba madaktari na wauguzi wasimkabidhi msichana vidonge hivi bila ya kumwita mama yake, kwa idhini ya msichana mwenyewe, na kumweleza kwamba kwa mgonjwa huyu ni dawa ya kurekebisha hedhi, kupunguza nywele na chunusi, na kulilinda tumbo la uzazi. Haviharibu kizazi. Ila havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu lililopanda, aliyewahi kugandiwa na damu mishipani, au anayeumwa na kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni, atafutiwe njia nyingine. Na nywele hazipungui kwa wiki mbili. Ni subira ya miezi 6 au zaidi.

Kuhusu uzito, tungependa lugha ibadilike katika vyumba vya madaktari. Mwanamke huambiwa, "Punguza mwili, kisha uje," kana kwamba ameombwa avue kanga. Insulini iliyozidi ndiyo inayomrundikia mafuta kiunoni na kumtia njaa. Anapigana na maji yanayokuja kwa kasi. Hata hivyo, mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, hedhi huweza kurejea yenyewe. Hakuna chakula maalumu cha maradhi haya. Samaki, mchunga, kunde na choroko tunavyo. Kinachotuumiza ni rundo la wali na chai ya vijiko vinne vya sukari. Wengine ni wembamba na maradhi wanayo, nao hawapaswi kurudishwa mlangoni kwa sababu hawafanani na picha iliyomo kichwani mwa daktari. Dawa ya metformini, ile ile inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari, huusaidia mwili kuitikia insulini. Hunywewa pamoja na chakula ili isisokote tumbo, na katika mwezi wa Ramadhani daktari huipanga kwenye futari na daku.

Na kwa anayetaka mtoto, habari ni njema kuliko anavyodhani. Mayai yapo, yamekosa wa kuyaamsha. Kwa miongo mingi dawa ya kuyaamsha ilikuwa klomifeni, na bado ni dawa yenye manufaa. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliowachukua wanawake 750 wenye maradhi haya, ulionyesha kwamba waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai kwa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni kwa asilimia 19.1. Letrozoli iliundwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na mgonjwa akiisoma karatasi ya ndani ya boksi hushtuka, aelezwe mapema. Sasa ndiyo inayotangulizwa. Hunywewa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, chini ya uangalizi, na si kununuliwa dukani kwa ushauri wa shoga. Akishika mimba kazi haijesha: asipimwe shinikizo tu, apimwe na sukari mapema, kwani kisukari cha mimba humjia zaidi.

Tumefika mahali ambapo wanaume husoma kwa haraka. Haielekei mwanamke anyweshwe dawa ya kuamsha mayai miezi sita ilhali mumewe hajapimwa mbegu zake. Kipimo hicho hakina sindano wala maumivu. Huchukua asubuhi moja. Kasoro ya uzazi hupatikana kwa waume kama inavyopatikana kwa wake, na katika nyumba nyingine huwa kwa wote wawili. Daktari anayekubali kumtibu mke peke yake, kwa kuona haya ya kumwita mume, anaitumia vibaya fedha ya serikali.

Kwa wakuu wa Wizara ya Afya tunayo haja ambayo haihitaji jengo jipya. Katika daftari la kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, uongezwe mstari mmoja kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa: tarehe ya hedhi ya mwisho, na siku kati ya hedhi na hedhi. Kituo kiwe na mizani, utepe wa kupimia kiuno, mashine ya shinikizo, kipimo cha mimba na cha sukari. Projesteroni na metformini zisikosekane katika bohari za wilaya. Damu ya kupima homoni isafirishwe kwa boti badala ya mgonjwa, pale ambapo maabara ya karibu haina uwezo. Na wapiga altrasaundi wapewe agizo la kuandika idadi ya vijifuko na ukubwa wa ovari, na kuliacha neno uvimbe kwa kitu ambacho ni uvimbe.

Lililobaki ni la masomo na makungwi wetu, ambao tangu zamani wamekuwa wakiwafunda wari namna ya kujistiri katika siku zao. Wawaongezee fundo moja: kuweka alama katika kalenda ya ukutani, kila mwezi, siku damu inapoanza. Miaka mitatu ikishapita tangu kuvunja ungo, nafasi zikiwa zinazidi siku 35, au ikitokea mara moja tu zikafika 90, kalenda hiyo ikunjwe, itiwe mkobani, na ipelekwe kituoni.